Lundo la Mama na Karai la Baba

Samadi mbichi inanuka, lakini samadi iliyoiva inanukia. Asiyelima atadhani nacheza na maneno. Mimi harufu ile ya pili naijua tangu nina miaka tisa: unafunua majani ya migomba asubuhi, mvuke unapanda, na pua inapata udongo ulioguswa na mvua ya kwanza. Kwetu ni kijijini Tarime, kwenye miinuko ambako baridi ya alfajiri inauma vidole. Mwaka ule dhahabu ilikuwa imeonekana bondeni, kwenye kijito, na kabla hata mahindi hayajakauka wanaume walikuwa wameacha majembe na kushika sururu. Baba naye alikwenda. Alirudi kila Jumamosi, mweupe kwa vumbi, na habari za mtu aliyepata, ambaye siku zote alikuwa mtu mwingine.

Mama alibaki na viazi, na viazi vilikuwa vinakufa. Ulikuwa mnyauko. Mche unaamka mzima, ikifika saa sita umelegea kama mtu aliyepokea habari za msiba, na ukikata kiazi unakuta pete ya kahawia inayotoa ute. Misimu miwili mfululizo tulivuna uozo. Ndipo baba akasema neno lililomkata mama maini: wenzake wa duara, yaani shimo walilochimba pamoja, walitaka kujaribu bahati kwenye shamba letu, na viazi vikifa tena atawapa walichimbe. "Msimu mmoja, Mama Boke," alisema. "Mmoja tu." Shamba lile ndilo lililotulisha. Niliogopa, na sioni aibu kusema.

Shangazi Robi, dada yake baba aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, akaja kupitia Sirari na gunia la mbegu safi. Viazi yeye aliviita waru, nasi tulimcheka. Alizunguka shamba, akachukua udongo, akausugua kiganjani. "Wifi, hii shamba imechoka," alimwambia mama. "Unaipea mavi mbichi, inachoma mizizi tu. Mavi lazima ipikwe." Basi kiangazi chote tulipika. Tulipanga samadi ya zizini, majani makavu, migomba iliyokatwakatwa na majivu ya jikoni, tabaka juu ya tabaka, tukamwagia maji, tukafunika, na juu tukaweka miiba ili kuku wasifukue. Katikati shangazi alichomeka fimbo ndefu. Kazi yangu na mama ilikuwa kuichomoa kila siku ya tatu na kuishika: ikiwa ya moto, lundo linaiva, ikipoa, tunaligeuza. Wahenga walisema akiba haiozi. Yetu ilioza, na hiyo ndiyo ilikuwa faida yake.

Sasa fikiria wapita njia waliona nini. Mwanamke anachomoa fimbo kwenye lundo lililozungushiwa miiba, anaishika, anainusa, anatabasamu. Katika kijiji chetu, mwaka ule, jambo hilo lilikuwa na maana moja tu: Mama Boke amepata mawe ya dhahabu na kayaficha. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na hili lilikuja na baba mwenyewe, Jumatano, siku isiyo yake, akiwa na wenzake wawili, karai na magunia ya kuoshea. Nilimwamkia shikamoo, akanipita moja kwa moja hadi kwa mama.

"Mama Boke, unanificha mimi?"

Mama alimtazama, akamtazama shangazi, midomo ikaanza kumcheza. "Sijakuficha kitu. Osha."

Wakaanza kuliosha lundo. Majirani walijipanga uani wakinong'ona kila karai lilipotikiswa. Walipata minyoo minene, na mwishoni kikalia chuma. Baba akakiopoa. Kilikuwa kijiko chetu, kilichopotea tangu Pasaka.

"Kaka, umepata!" shangazi alipiga kelele. "Hiyo ni silva kabisa!"

Sijasikia tena kicheko kama kile. Baba alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akakaa kwenye tope. Wiki ile hakurudi kwenye duara. Labda ilikuwa haya, sijui. Lundo lililobaki alilibeba yeye mwenyewe hadi shambani, tena kwa viroba vyake vya kubebea mawe, tukapanda kule kulikokuwa na mahindi, mbali na uozo wa zamani, kila shimo na konzi zake mbili za samadi.

Mvua ziliponyesha nilikuwa nakwenda shambani kila nikitoka shule, roho mkononi, kutafuta mche uliolegea. Ililegea kumi na mmoja, upande wa chini. Mama aliing'oa pamoja na udongo wake, akaizika mbali. Mingine ilisimama, majani mazito ya kijani kibichi. Siku ya kuvuna baba alichukua kisu, akakata kiazi, akakata cha pili, cha tano. Vyote vyeupe, safi. Wenzake walikuwa wamekuja kusikia jibu lao, wamesimama mpakani mwa shamba na sururu zao. Baba alifuta kisu kwenye suruali.

"Shamba hili lina mwenyewe," aliwaambia. "Muombeni Mama Boke."

Hawakuomba. Mama aliinama akaendelea kuchimbua, lakini nilikuwa karibu naye na niliona machozi yakidondoka kwenye matuta. Sijawahi kumpenda baba kama siku ile.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Dhahabu ya kijito ilikwisha, wachimbaji wakahamia kwingine, na mashamba waliyopewa yamebaki na mashimo yenye maji ambayo hata ng'ombe haruhusiwi kuyasogelea. Ninao wenzangu niliosoma nao ambao wakitaka kuwaonyesha watoto wao mahali walipokulia, wanasimama mbali na kunyoosha kidole. Mimi wa kwangu nawapa majembe, wanaingia shambani kwa bibi yao, na jua likiwa kali wananilalamikia.