Rubani Aliyekuja kwenye Ubatizo

Mjukuu wangu, siku ya ubatizo wa baba yako, akiwa bado mchanga, hapa kwetu Mususa, mjini Butembo, ningali naikumbuka, na hasira yake haijanipoa.

Vita vilikuwa vimetulia kidogo. Baba mkwe wangu alimwalika rubani wa ndege ya vita, afisa kutoka mkoa mwingine aliyepangiwa kazi Beni. Mgeni wa namna hiyo ilikuwa heshima, basi tulimkalisha mbele, tukampa nyama ya mbuzi na kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Akaanza kusimulia kwa mikono jinsi ndege zinavyopigana: mkono huu unakimbia, huu unaufuata, unapinduka tumbo juu, unapanda wima, unashuka kama mwewe.

"Ile ndege iko mwepesi, batu bangu!" alisema. "Unaigusa kidogo tu, inageuka. Hata mbayuwayu hawezi kuifuata."

Watu wakapiga makofi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Hapo shangazi yangu Masika akasimama. Alikuwa mkulima wa Masereka, mtu wa maneno machache. Mumewe alikuwa akinunua viazi Alimbongo na kuvileta Butembo kwa lori. Wakati wa vita, ndege moja, hatukujua ya nani, ililipiga lori lile barabarani mchana kweupe, labda ikidhani limebeba askari. Tulizika kile kilichopatikana.

"Komanda," shangazi aliuliza, "kule juu, unaonaka mutu?"

Rubani akacheka kidogo. "Mama, mbio ile si mchezo. Barabara inakuwa kama kamba, lori kama kunguni. Mutu haonekanake."

"Na kama hauone mutu, sababu gani balikuweka ndani?"

Kicheko kikamkauka usoni. "Lakini mama, ni kazi. Banatupa ordre, amri ya bakubwa."

"Ordre haina macho. Wewe uko nayo."

Baba mkwe akainuka haraka, akamwomba rubani msamaha. Sikia vizuri, mwanangu: rubani ndiye aliyeombwa msamaha! Shangazi yeye aliambiwa, "Masika, unaharibu sikukuu ya batu." Muziki ukafunguliwa, ukapandishwa sauti, na shangazi akaonyeshwa mlango. Kweli, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nilimfunga baba yako mgongoni, nikamfuata shangazi nje.

"Rudia ndani, mutoto," akaniambia. "Ile sikukuu ni yako."

"Bamekufukuza wewe, bamenifukuza na mie."

Tukaketi nyuma ya nyumba, tukala viazi vya kuchemsha alivyokuwa amekuja navyo, wawili tu, mtoto akiwa bado na nguo yake nyeupe. Baba mkwe hakunisemesha mpaka mavuno. Rubani alirudi Beni, na hakutuma hata neno la pole.

Sasa nakusikia wewe na wenzako mkibishana ni ndege gani inakata kona upesi kuliko zote. Mnasema kesho hazitakuwa na mtu ndani. Mtu atakaa ofisini mbali, anywe chai yake, au ndege itajiamulia yenyewe. Mnaita maendeleo. Maendeleo ya nani? Yule aliyekaa ndani alikuwa na macho na hakuona. Angalau shangazi alipata wa kumwuliza. Hiyo yenu mjane ataiuliza wapi?

Sikukatazi kujifunza mashine, mwanangu. Elimu si adui. Lakini usisifu wepesi wa kitu kabla hujauliza kinamshukia nani. Siku ukikabidhiwa uhai wa watu, uwe ndani ya chombo au mbali nacho, tazama mpaka umwone mtu, na usipomwona, rudisha mkono. Ukiambiwa ni amri, jua kwamba jibu litatakiwa kwako. Na aliyefiwa akiuliza swali mbele ya wageni wako, usimzimie sauti. Mpe kiti, umjibu.

Mungu akupe macho yanayofika chini na moyo usiowapita watu kwa mbio. Na anga litakalowafunika watoto wako lisiwashushie kitu kingine ila mvua.