Nyongeza ya Kambare

Tangi la kioo nililipata Shangani, mtaa wa wageni hapa mjini kwetu, kwa mtaalamu wa kigeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Alitaka kuku watatu. Nikampa wawili na mkeka ambao mke wangu alikuwa keshauchoka. Akaniongezea maelekezo bure, jambo lililonitia wasiwasi: maji ya bomba yakae kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyatia, nisiyabadilishe yote kwa mkupuo, nitoe theluthi tu, chakula kisizidi kile samaki watakachomaliza wakati nafunga vifungo vya shati. Nikayaandika yote. Bado nilihisi kuna kitu kanificha. Vifungo vingapi, kwa mfano.

Samaki niliwapata kwa mama mmoja aliyewaleta ndani ya debe kutoka madimbwi ya mpunga karibu na Ruvuma. Miaka ile sabuni ilikuwa ya kupangia foleni dukani, kwa hiyo tulielewana haraka: nusu mche kwa perege kumi na wawili, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Niliwahesabu wakiingia ndooni. Nikawahesabu tena.

"Na nyongeza je, mama?"

"Haya, chukua na huyu." Akanitilia kambare mdogo mwenye sharubu. Hakubisha hata kidogo. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, lakini nilikuwa nafurahia ushindi.

Wiki ya pili, asubuhi, perege walikuwa kumi na mmoja. Nikahesabu upya kuanzia upande wa pili wa kioo. Kumi na mmoja. Nikatafuta chini ya kitanda. Nikamtazama paka wa mwenye nyumba, naye akanitazama kama shahidi asiyehusika. Baada ya siku tatu, tisa.

Sasa, chumba cha jirani alikaa mtani wangu. Kwa utani wa makabila yetu alikuwa na haki ya kunisema lolote na kuchukua kitu changu mbele ya macho yangu, nami nisinune. Tangu tangi liingie, kila asubuhi alipita mlangoni na sufuria tupu.

"Mtani, hawajaiva tu?"

Nilicheka, kama desturi inavyotaka. Lakini nilianza kuichunguza ile sufuria.

Asubuhi ile ya perege tisa niliweka ubao juu ya tangi, nikaziba kingo zote kwa matambara mabichi, nikakandamiza kwa jiwe, nikatia mlango kufuli. Nikajiapiza: wakipungua tena, nakwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Kumshitaki mtani si jambo dogo. Ukishafanya hivyo, siku ya msiba wako hakuna atakayekuja kukuchekeshea watu. Nililijua hilo, na maneno ya kumwambia balozi nilikuwa nimeshayapanga.

Alasiri niliporudi nilimkuta mtani kasimama dirishani kwangu, anachungulia kwenye upenyo.

"Fungua, mtani. Humu ndani kuna watu wanakata roho."

Nikafungua. Perege walikuwa juu kabisa, midomo wazi, wanahema. Wanane. Kambare alikuwa katulia chini, tumbo kama la mwenyekiti.

Mtani aliondoa jiwe, ubao na matambara bila kuomba ruhusa, akaanza kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu. "Umewaziba pumzi. Huyu wa sharubu hajali, hata kwenye tope anaishi. Sasa wengine wako wapi?"

Alimtoa kambare, akampasua pale uani. Tumboni mlikuwa na perege mmoja, mzima, na magamba yake. Wanane na mmoja, tisa. Hesabu ya asubuhi ilitimia.

"Ulikuwa unanidhania mimi," akasema.

"Nilimdhania paka."

"Paka ndiye uliyemtilia kufuli?"

Akaenda kuchukua sufuria yake. Alisema kambare ni faini ya utani, na unga utatoka kwangu. Tulikula pamoja, na mke wangu akamwekea yeye kipande cha kichwa bila kuniuliza.

Tangu siku hiyo tangi nililifunika kwa kipande cha wavu tu. Kesho yake asubuhi nilihesabu perege: wanane. Nikarudia: wanane. Halafu, kwa mara ya kwanza, nikamwita mtani naye ahesabu. Akainama, akapitisha kidole kwenye kioo taratibu, akanyanyuka.

"Saba," akasema, akaenda zake.

Nikahesabu mara ya tatu.