Daftari Nililofungia Mandazi

Nakumbuka asubuhi moja kibandani kwangu, Mai Mahiu. Tulikuwa watatu: mimi nikikaanga mandazi, Mama Shiro jirani yangu akichoma mahindi, na Otieno, dereva wa lori la Kisumu. Mdogo wangu Kamau alikuwa ameenda Nakuru.

Mwanangu, wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la saba ili Kamau asome. Akafika chuo kikuu. Nilitarajia daktari, au hata mwalimu wa hesabu. Akaniambia anasomea filamu. Kila jioni alikaa kwenye banda la video na madereva, akiwauliza wameona nini, wamecheka wapi, kisha akiandika yote kwa mkono. Niliona aibu. Nimlee hivyo ili akaangalie sinema?

Asubuhi hiyo karatasi za kufungia ziliniishia. Daftari la Kamau lilikuwa mezani. Nilijua ni lake. Nilijiambia likiisha atatafuta kazi ya maana, nikaanza kulichana.

Otieno aliuma andazi, akatazama karatasi, akaacha kutafuna.

"Mathe, haya maneno ni yangu!"

"Maneno gani na wewe?"

"Sikia. 'Lori likitokea kwa filamu, naangalia breki kwanza, mwigizaji baadaye.' Si ni mimi nilimwambia Kamau! Hakuna mtu ashawahi kuandika nilichosema, ila polisi."

Mama Shiro alicheka mpaka akaliona daftari mkononi mwangu. Kicheko kikaisha.

"Jirani, kijana anaandika watu, wewe unawapaka mafuta? Ulimuuliza hata siku moja anafanya nini?"

Sikuwa nimemuuliza. Na nusu ya daftari ilikuwa imeshaondoka na malori.

Otieno akawapigia simu wenzake. Wiki nzima malori yalisimama kwangu. Wengine walirudisha kurasa zimelowa mafuta, wengine waliketi na Kamau wakamsimulia upya, tena kwa urefu kuliko mwanzo. Kumbe daftari lile lilikuwa utafiti wake wa chuo, nao ukakamilika. Leo anafundisha mambo ya filamu chuo kikuu, na wanafunzi wake wanasoma maneno ya madereva wa Mai Mahiu. Siku aliponipigia kusema ameajiriwa, nilikaa chini kwenye debe nikapumua kama mtu aliyetua gunia la viazi.

Mwanangu, kumlea mtu hakukupi ruhusa ya kumchagulia maisha. Kazi ya ndugu yako usipoielewa, keti naye, muulize, na usikilize mpaka amalize. Mungu akupe subira hiyo, na akuwekee karibu jirani asiyeogopa kukukemea.

Mimi bado nina deni. Kamau aliporudi kutoka Nakuru nilimwambia nilidhani ni daftari kuukuu. Akanishika bega, akasema, "Usijali, Dada, ni bahati mbaya tu." Mpaka leo sijamwambia kwamba nilijua.