Usingizi wa Mdogo Wangu

Mama yangu alisifika kwa mambo mawili: kubana matumizi na kulaza watoto. Kwake yeye lilikuwa jambo moja. Mtoto aliyelala mapema haombi chakula mara ya pili, hamalizi mafuta ya taa, hachakazi nguo kwa kugaragara sakafuni, na asubuhi anaamka na nguvu za kwenda kuteka maji. Majirani walimwita mkono wa birika, tena mbele yake, naye akacheka nao. Lakini mtoto wa mtu akisumbua usiku, mamaye alikuja kwetu kuuliza dawa.

Dawa yenyewe haikuwa na gharama. Jua likiwa bado juu ya miti, mama alitutia miguu katika chungu cha maji ya moto yaliyobaki mekoni, akatusugua nyayo kwa gunzi la mahindi. Tulikula michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa juani mpaka vikauke, alivyovipika na karanga kidogo ili vikae tumboni. Kisha alitoa jiwe moja la moto pembeni mwa meko, akalifunga kwa kipande cha kaniki kuukuu, akaliweka katikati yetu juu ya ngozi ya ng'ombe. Kibatari kiliwashwa kwa muda wa kutuonyesha pa kulala tu, halafu alilamba vidole akakizima.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa hajang'oka hata jino moja la utoto, alilala kabla jiwe halijapoa. Wakati mwingine alilala kabla chungu hakijateremshwa, na sehemu yake ya chakula ikawekwa kwa ajili ya asubuhi. Mama alimsifu kwa kila aliyepita. Mimi nilikuwa aibu ya nyumba. Nililala chali macho yakiwa wazi, nikisikia kila panya aliyepita kwenye paa, na mama akiniambia gizani, "Lala wewe, unakula usiku bure."

Tulikuwa tunaishi upande wa Geita, miaka ile ya thelathini watu walipoanza kumiminika kufuata dhahabu. Kwetu hasa ni Shinyanga. Baba alipata kazi ya kuchimba, akatuhamisha sisi na mama yake, akatuacha katika kijiji kipya cha watu waliokusanywa na serikali kutoka porini, kwa sababu ya mbung'o. Alikuja nyumbani mara chache, amechoka, ana vumbi mpaka kwenye kope. Ng'ombe wachache tuliokuja nao walikufa mmoja baada ya mwingine kwa kuumwa na nzi hao, na zizi likabaki limezungushiwa miiba bila kitu ndani. Bibi alikataa lisibomolewe. Mama alizitamani zile kuni, lakini hakuzigusa.

Mvua zilipoanza, mdogo wangu akatoka uvimbe shingoni, kama jipu lisilotaka kuiva. Alipata homa, mama akamkanda kwa majani, homa ikapoa. Baada ya hapo ndipo usingizi wake ulipozidi kuwa mzuri. Alilala jioni, akalala asubuhi, akalala mchana kivulini karibu na kinu. Mama alianza kumtandikia kila alipokaa. Siku moja jirani mmoja alikuja na mtoto wake mgongoni, mtoto mlizi kweli kweli, akasimama kumtazama mdogo wangu alivyolala jua la utosini na kuku wakimzunguka. "Umemfanyaje?" akauliza. Mama akaanza kumweleza habari za maji ya moto na jiwe. Walizungumza kwa sauti ya kawaida juu ya kichwa chake, wakacheka, na yeye hakutikisa hata kope.

Usiku nilijua jambo ambalo wao hawakulijua, maana mimi ndiye niliyekuwa macho. Mdogo wangu alikuwa akiamka. Hakulia wala hakuomba maji. Aliketi ameegemea ukuta, mkono wa kulia juu ya goti, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa mlango kama mtu anayetega sikio. Mwanzo nilidhani anataka kwenda haja. Nikamwuliza kwa kunong'ona, "Unasikia nini?"

"Wanatoka," akasema.

"Nani wanatoka?"

Nilijifunika kaniki mpaka kichwani, nikabaki nikisikia pumzi zake. Nje kulikuwa kimya.

Asubuhi nilimwambia mama, naye akaniambia kwamba mtu asiyelala huota akiwa macho. Lakini bibi, aliyekuwa akipeta mtama, aliuweka ungo chini. Akaniuliza mkono gani ulikuwa kwenye goti. Akaniuliza kichwa kiliinamia wapi, na sikio lipi lilielekea mlangoni. Nikamwambia la kushoto. Bibi akafunika uso kwa viganja vyake, akaanza kulia, na mimi nikaogopa kwa sababu alikuwa analia kwa furaha.

Babu yangu alikufa Shinyanga kabla mdogo wangu hajazaliwa. Alikuwa mtu wa ng'ombe. Usiku aliketi ndani ya nyumba ameegemea ukuta, mkono wa kulia juu ya goti, akisikiliza zizi, na kwa kuwa sikio lake la kulia lilikufa zamani, alitega la kushoto. Ng'ombe mmoja akisogea langoni, alikuwa akimwambia bibi neno moja tu: "Wanatoka." Haya bibi alitueleza asubuhi ile. Hakuwahi kutueleza kabla, naapa kwa hilo. Tangu hapo alimwita mdogo wangu guku, yaani babu, akapiga goti kumwamkia, na jioni alifagia njia ya kwenda zizini.

Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, na nimeelezwa na waliosoma kwamba ugonjwa ule hugeuza usiku kuwa mchana. Nakubali. Habari za sikio la kushoto hakuna aliyenieleza.

Ugonjwa huo ni malale. Kijijini hapakuwa na mtu asiyelijua neno hilo, na ndiyo sababu wenyeji walitolewa porini, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyelitamka. Mganga wa serikali alikuwa na kambi yake mbali, mwendo wa kutwa nzima, na watu walisimulia kuhusu sindano anayochoma katikati ya uti wa mgongo. Bibi alisema wazi kwamba guku hachomwi sindano, kwani ataudhika aende zake. Mama hakubishana naye. Alichofanya ni kuongeza dawa yake. Maji yakawa ya moto zaidi, mawe yakawa mawili, karanga zikaongezeka mpaka nikashangaa, na usiku mmoja aliacha kibatari kinawaka mpaka kikajizimia chenyewe. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama naye anaogopa. Alikuwa anataka kitu kimoja tu, mwanawe alale usiku na awe macho mchana kama watoto wa watu.

Halafu ikaja siku ya kuku. Ilikuwa mchana, jua kali, na mama alikuwa anatwanga. Mdogo wangu aliketi kizingitini na tonge la ugali mkononi. Alikuwa amelishika muda mrefu bila kulipeleka kinywani. Polepole kiganja kikafunguka juu ya paja, kichwa kikaegemea mlango, macho yakabaki nusu wazi. Kuku wetu mmoja, mwenye manyoya ya kahawia, akaja akamtazama, akadonoa lile tonge.

Mama alikuwa mtu wa kumrushia kuku mchi kwa sababu ya punje moja ya mtama. Nikamngoja arushe. Aliusimamisha mchi hewani, akabaki hivyo hivyo anaangalia. Kuku alidonoa tonge mpaka likaisha, akaokota vipande vilivyoanguka kwenye nguo, kisha akaanza kukidonoa kiganja chenyewe, ngozi tupu. Mdogo wangu hakuuvuta mkono.

Mama aliulaza mchi chini taratibu, bila kuufanya utoe sauti. Akaingia ndani akatoka na kaniki yake nzuri, akamfunga mdogo wangu mgongoni. Bibi akasimama njiani.

"Unampeleka wapi guku?"

"Nampeleka mwanangu, mayu."

"Wakimchoma ataondoka."

"Nipishe, mayu. Nakuomba unipishe."

Mayu ni mama, kwa lugha yetu, na sikuwahi kumsikia akimwita mkwewe hivyo kwa sauti ile. Bibi akasogea. Mimi nikapewa kibuyu cha maji na kazi moja. "Tembea nyuma yangu," mama akasema. "Asilale. Mwimbie, mfinye, mpige ikibidi. Asilale njiani." Alikuwa ameshika imani kwamba akilala njiani hataamka tena. Basi mimi, niliyegombezwa kila jioni kwa kukosa usingizi, nikawa mlinzi wa kuuzuia. Nilimfinya mapaja mpaka nikalia mwenyewe.

Njia ilipita katika kijiji kimojawapo kati ya vile vilivyohamwa. Nyumba zilikuwa bado zimesimama, milango imefungwa kwa kamba za magome. Mawe ya kusagia yalikuwa uani, moja lina maji ya mvua ndani yake. Majani yalishaota mekoni. Hapakuwa na ndege wala mbwa, ni nzi tu, na mama aliwakung'uta kwa tawi bila kupunguza mwendo. Tulipofika katikati, mdogo wangu aliinua kichwa peke yake. Akaangalia nyumba moja iliyokuwa upande wa kushoto, akasema, "Mwadila," salamu yetu ya mchana, kwa sauti ya mtu anayewafahamu waliomo. Akatega sikio. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama anayekubali alichojibiwa.

"Mayu, anamsalimia nani?" nikauliza.

"Mfinye," mama akasema.

Mbele ya kijiji hicho kulikuwa na kibanda cha mtu wa serikali aliyewakagua wapita njia, akiwatoa mbung'o nguoni kwa wavu ili wasiwabebe kwenda kijiji kingine. Alimkung'uta mama, akanikung'uta mimi, kisha akapapasa nyuma ya shingo ya mdogo wangu. Aliuondoa mkono wake upesi. "Nendeni," akasema. "Msipumzike hapa."

Tulifika kambini jua limeshazama. Mganga alikuwa mtu mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, nami nikamwonea huruma. Alimtazama mdogo wangu ulimi, shingo na macho, akamwuliza mama ameanza lini kulala mchana. Mama akamwambia tangu mvua zilipoanza. Mganga akauliza, bila ukali, kwa nini hakumleta wakati ule.

"Alikuwa analala vizuri," mama akasema.

Walimchoma sindano, na walijitahidi. Tulikaa pale mpaka mahindi ya watu yakakomaa. Alikufa mchana, ndani ya banda lenye watu wengi waliolala. Mama alikuwa ameshika kiganja chake akikifungua na kukifunga, akikifungua na kukifunga, na hakuacha hata baada ya mganga kumwambia.

Tuliporudi, bibi alikuwa ameketi nje ameelekea lile zizi. "Kaondoka?" akauliza. "Kaondoka, mayu," mama akajibu, akakaa karibu naye. Nilitaka wagombane. Nilikuwa na hasira na bibi ya kutosha watu wawili, na nilingoja mama aseme neno moja tu ili na mimi niongeze langu. Kesho yake bibi mwenyewe alishika panga akalibomoa zizi, akamletea mama miiba iwe kuni.

Tangu hapo hakuna aliyenisugua miguu jioni. Jiwe lilibaki mekoni, nami nikaachwa niwe macho nitakavyo. Mara mbili tatu mama alinikuta nimesinzia mchana baada ya palizi, akanimwagia maji ya baridi usoni, na hakuniomba radhi. Majirani wakija kuuliza dawa ya kulaza watoto, aliwaambia ameisahau.

Lakini kila mchana, chakula kikiwa kidogo au kingi, alikata tonge la ugali, akaketi kizingitini, akakifungua kiganja juu ya paja. Yule kuku wa kahawia alikuja. Mama alimwacha adonoe mpaka tonge liishe, na alipoanza kuidonoa ngozi hakuuvuta mkono. Baba alikuja kutoka machimboni na mgeni, akataka achinjwe, mama akamkatalia mbele ya mgeni huyo. Kuku alizeeka akapofuka, na bado alisogezwa mpaka kwenye ule mkono.

Mwaka wa njaa nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, tumbo linaniuma, na nilimwona mtu aliyenifundisha kuokota punje akimpa kuku asiyetaga tonge zima. Nikamwuliza kwa ukali anaharibu chakula kwa ajili ya nini.

Hakunikasirikia. Alimngoja kuku amalize, akapangusa kiganja kwenye kaniki.

"Huyu ndiye aliyeniambia," akasema. "Sisi wengine wote tulikuwa tunamsifu mdogo wako."