Kaniki Kwenye Mvule

Enzi zetu, sisi tuliokulia bonde la Zigi, hatukuamshwa na jogoo. Tuliamshwa na hondohondo, wale ndege wa midomo mikubwa. Mabawa yao yalivuma juu ya paa kama gari moshi linalopanda mlima, na mama alituvuta shuka: "Wenzenu wameshakwenda kazini, nyie mmelala!" Watoto wa siku hizi ukiwatajia hondohondo watakuuliza ni basi la wapi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mtoni tulipindua mawe kutafuta kaa, maji ya baridi yakituuma miguu. Kwenye miamba yenye unyevu viliota vimaua vya zambarau visivyopenda jua, na mbega walituchungulia kutoka juu, wamejitupia mashuka yao meupe mabegani kama wazee wanaokwenda harusini. Tulirudi kula bada, ugali wetu wa muhogo, kwa mboga ya mchunga, nguo zetu zikinukia iliki ya msituni.

Lakini nikilikumbuka bonde lile, kinachotangulia ni hofu.

Karibu na njia ya maji palikuwa na mvule mkubwa wenye tundu. Mwaka mmoja hondohondo jike aliingia humo akajiziba kwa udongo, akabakiza ufa wa kupitisha mdomo. Dume alimletea matunda kutwa. Mimi na dada yangu Zaina tulikuwa tukiweka ndoo chini kuwatazama, mpaka siku tulipoukuta mvule umepakwa rangi nyekundu. Miti yote yenye rangi ile ilikuwa ikikatwa ili shamba la chai lipanuliwe. Kila siku tulisikia shoka limesogea.

"Mama, kwani hawezi kutoka akaruka?" Zaina aliuliza.

"Ataruka na nini? Manyoya yameshampukutika humo ndani."

Asubuhi wakataji walipofika, mama alichana upindo wa kaniki yake akaufunga kwenye shina. Kwetu, nyumba yenye mzazi hufungwa kaniki mlangoni, na mwenye chuma mkononi hapiti mpaka aitwe. Mkataji wao mkuu, Mhina, kijana wa kwetu, aliitazama, akatua shoka.

"Shikamoo mama. Mzazi yumo?"

"Marahaba. Yumo, na mwanawe."

Nyapara, mgeni wa mbali, alifoka: "Tangu lini ndege akawa mzazi?"

"Basi kata wewe, bwana," alisema Mhina. "Mimi mke wangu ana mimba. Siipiti kaniki."

"Mimi? Nyapara mzima nishike shoka?"

"Si ndege tu, bwana? Unaogopa nini?"

Wenzake Mhina wakacheka. Nyapara aliutazama mti, akaitazama kaniki. Akawaamuru waanzie ng'ambo ya mto. "Lakini kitambaa hicho kikianguka, mti unakatwa siku hiyo hiyo!"

Hapo ndipo tulipokosa raha. Mvua za vuli zikaanza. Kaniki ya mzazi haifungwi mara mbili, kwa hiyo mama alitukataza hata kuligusa fundo. Tuliondoka na ndoo alfajiri na mapema, tukitafuta kwanza kile kitambaa cheusi na kisha ule mdomo kwenye ufa. Kitambaa kilichakaa, kikafumuka, kikabaki kama kamba ya kufungia kuku. Upepo ukivuma shuleni, Zaina alikuwa akinibana mkono chini ya dawati.

Kisha asubuhi moja tukakuta vipande vya udongo njiani. Jike alikuwa tawini, mchafu, manyoya yamekunjamana, na kinda lake pembeni likitapatapa kujifunza kukaa. Tulipiga vigelegele mpaka ndoo zikatudondoka. Siku chache baadaye wakaruka. Kaniki ikaanguka, na mvule nao.

Msimu uliofuata walirudi. Dume alikuwa na donge la udongo mdomoni. Walizunguka, wakazunguka, juu ya miche ya chai, pale pale lilipokuwa tundu lao. Mama aliingia ndani.

Leo bonde ni zuri la kupigia picha. Chai imelala sawasawa kama zulia, na vijana hushuka wakachana nywele, wakatabasamu, wakaondoka. Mimi husimama nikisikiliza. Mara chache, mabawa yakivuma kwa mbali, hutazama huku na huku nikitafuta mti mmoja wenye tundu. Hapo hugundua kwamba mkono wangu umeshashika upindo wa kanga yangu.