Waliobaki na Mfalme

Nilirudi kutoka chuoni Uganda nikiwa na shahada ya historia, nikapata kazi ya kufundisha watu wazima jioni katika chumba cha mabati kilichopakana na duka la makaa huko Kibra. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa na wakoloni kuuzima uasi wa Wakikuyu. Mimi ni Mkikuyu wa Kawangware, na siku zile Mkikuyu aliyesoma alitazamwa mara mbili. Kibali changu kiliniruhusu kuvuka Barabara ya Ngong kwenda kazini na kurudi kabla ya giza. Mtu mmoja akinitaja vibaya, kibali kingechukuliwa, nami ningepandishwa lori la kwenda kambini. Kijana wa jirani yetu alipandishwa, na mpaka leo sijui walisema amekosa nini.

Mtaala ulitaka nifundishe jinsi walowezi wa Amerika walivyopigana na mfalme wa Uingereza mpaka wakajitawala. Njiani nilijisemea kwa sauti ya chini: sikulichagua mimi somo hili, limo kwenye mtaala. Kisha nikawaza kwamba mtu asiye na hatia hajitetei kabla ya kuulizwa, nikanyamaza. Neno uhuru nilikuwa nimeamua kulikwepa. Ningesema kujitenga. Neno vita halikuepukika, ila ningelipitia haraka.

Wanafunzi wangu wengi walikuwa Wanubi, watoto na wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudani kumpigania mfalme, kisha wakaruhusiwa kukaa Kibra. Mbele kabisa alikaa fundi cherehani aliyependa mzaha. Mlangoni alikaa koplo mstaafu, mgongo umenyooka, koti lake lina matundu kifuani pale alipozoea kubandika medali. Huyo ndiye niliyemwogopa. Mpwa wake alikuwa polisi kwenye kizuizi cha barabarani, na yeye mwenyewe hakuwahi kuandika chochote darasani. Mtu asiyeandika huja darasani kufanya nini?

Nikaeleza kodi ya chai, nikaeleza chai iliyomwagwa baharini, risasi za kwanza, baridi iliyowaua askari wasio na viatu, Wafaransa waliokuja kuwasaidia waasi, na jeshi la mfalme lilivyosalimu amri.

"Ngoja, mwalimu," fundi akasema. "Hawa walikuwa wazungu?"

"Wazungu, ndiyo. Walowezi."

"Na mfalme mzungu."

"Ndiyo."

"Kumbe hata walowezi huasi. Basi wa hapa tuwachunge."

Darasa likacheka. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikaogopa kwamba nimecheka, kisha nikaogopa kwamba nimeacha kucheka ghafla. Mtu wa nyuma akauliza wenyewe wa ardhi ile walikuwa wapi walowezi walipokuwa wakiigombania na mfalme. Nikasema walikuwepo, wengine upande huu, wengine ule, na pande zote ziliwanyang'anya. Nilitamani kengele ilie, lakini hatukuwa na kengele.

Ndipo koplo akasimama, kama anayetoa ripoti.

"Wale waliobaki na mfalme," akasema. "Si wote waliasi. Wengine walibaki naye. Vita vilipokwisha, mfalme aliwafanyia nini?"

Nikaona mtego waziwazi. Nikisema mfalme aliwatendea mema, ni uongo nusu. Nikisema aliwatupa, mpwa wake atasikia kabla sijafika nyumbani.

"Nitasoma zaidi," nikasema. "Nitajibu wiki ijayo."

"Soma vizuri. Mimi nangoja."

Wiki ile sikulala vizuri. Kitabu cha historia nilikitoa mezani nikakificha chini ya godoro. Kisha nikawaza kwamba wakija kupekua, kitabu kilichofichwa ni kibaya kuliko kilicho mezani, nikakirudisha. Mama, ambaye ardhi yetu ya Kabiro, huko huko Kawangware, ilikuwa mikononi mwake tangu baba afariki, alinitazama nikifanya hivyo mara mbili.

"Umeua mtu?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi kaa chini ule."

Wiki iliyofuata koplo hakuja peke yake. Aliandamana na wazee wawili wa Kinubi wenye kofia nyekundu, ambao hawakuwa wanafunzi. Hawakukaa. Nikajua nimekwisha, na jambo hilo likanipa ujasiri wa ajabu, maana sikuwa tena na cha kulinda. Nikasema niliyoyasoma. Waliobaki na mfalme walipoteza mashamba na nyumba zao. Wengi walipanda meli wakaenda nchi ya baridi kaskazini, wakapewa ardhi. Watumwa weusi walioahidiwa uhuru wakimpigania mfalme, wengi wao walipelekwa huko pia, ila ardhi yao ilichelewa, ilikuwa ndogo, yenye mawe, na wengine hawakupata kabisa. Baadaye baadhi yao walipakiwa tena melini, wakaletwa Afrika Magharibi.

Neno uhuru lilinitoka bila kulipanga. Hakuna aliyeshtuka.

Mzee mmoja akamwambia koplo jambo kwa Kinubi. Koplo akanigeukia.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa. Somo limo kwenye mtaala."

"Mwalimu, usitufanye watoto. Hapa Kibra haturuhusiwi kujenga kwa mawe. Tunaambiwa ardhi ni ya serikali, tutahamishwa. Halafu kijana wa Kikuyu anakuja na kibali chenye mihuri, anatufundisha watu wa mfalme walivyopakiwa melini. Serikali imekutuma ututayarishe?"

Wiki nzima nilikuwa nimemwogopa kama mpelelezi, naye alikuwa ameniogopa mimi. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba nilidhani yeye ndiye ametumwa. Fundi alicheka mpaka akafuta machozi. Koplo hakucheka.

"Wallahi, siamini bado," akasema. "Lakini giza linakaribia. Nitakusindikiza."

Tulitembea pamoja hadi Barabara ya Ngong. Kwenye kizuizi mpwa wake aliinua tochi.

"Mjomba, huyu ni wako?"

"Mwalimu wangu."

Mpwa hakuomba hata kibali. Nilipita nikiwa mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile. Koplo alinifikisha hadi mwanzo wa Kabiro, akanipa mkono, akageuka na mgongo wake ule ulionyooka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakunikaribisha.

"Watu wamekuona," akasema.

"Wameona nini?"

"Umevushwa kizuizi bila kuguswa. Umeletwa na askari wa mfalme mpaka hapa, mkashikana mikono."

"Ni mwanafunzi wangu, mama."

"Mimi najua. Nenda kawaambie wao."

Ng'ambo ya ua, mlango wa jirani, yule ambaye mwanawe alipandishwa lori, ulikuwa wazi kidogo. Nilimsalimu kwa sauti kama ilivyo desturi. Mlango ukafungwa taratibu, na nikasikia komeo likisukumwa kwa ndani.