Ndiye Mimi

Mtaani walimwita Bubu, na ulimi alikuwa nao mzima kabisa. Alikuwa fundi viatu. Ukimwuliza kama soli itakuwa tayari Ijumaa, alijibu "haya" au "tutaona." Neno "ndiyo" hukulipata kwake hata kwa dawa.

Mdomo huponza kichwa, na wake ulimponza mapema. Enzi za ukoloni, yeye akiwa kijana, duka la Mzungu lilivunjwa, na polisi walitaka mtu mweusi, yeyote yule; wakamkamata yeye. Mahakamani karani alisoma jina lake akauliza, "Ndiye wewe?" Kijana akajibu kwa adabu, kama alivyofunzwa kwao, "Ndiyo, ndiye mimi." Wakaandika kwamba amekiri. Hakimu hata macho hakuinua. Kesi ya ngedere, hakimu nyani! Alifungwa miaka kumi na moja, akatoka na ufundi wa viatu, basi. Kilichomuuma kuliko kifungo ni kwamba hakuulizwa kingine chochote.

Uzeeni macho yakazima. Bintiye, mwalimu wa fasihi, alikuwa na riwaya mbili za kufundisha, zote za watu weusi walioshtakiwa kwa uongo. Jioni alimsomea jikoni, vyombo vikishaoshwa. Bubu hakumwambia, lakini alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: kumsikia mtu aliyesimama kwenye kizimba kama chake akajibu inavyopasa.

Riwaya ya kwanza ilikuwa tamu. Wakili Mzungu alinguruma sura tatu, watu wakalia, mshtakiwa akaachiwa.

"Na yeye mwenyewe alisema nini?"

"Alimshukuru wakili, baba."

"Basi?"

"Basi."

Bubu akaguna. Haki ya namna hiyo aliiona kama kiatu cha kuazima: unatembea, ila mwenyewe anakutazama miguu.

Ya pili haikuwa na wakili. Mshtakiwa alisimama peke yake akasema sura nzima, na maneno yake ya kwanza yalikuwa "Siye mimi." Bubu aliketi wima. Tangu hapo alikuwa akiuliza chakula kikiwa bado mdomoni, leo tunasoma?

Walipofika mwisho, binti aligeuza ukurasa, kisha akaurudisha.

"Hakimu akasema... aachiwe huru."

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndiyo, baba."

"Neno hilo, mwanangu, usilitumie ovyo. Mimi lilinila ujana."

Binti alilia, kisha akasoma kilichokuwepo. Walimnyonga alfajiri, na hakuna aliyeomba radhi, si siku ile wala baadaye.

"Lakini walimsikia?" aliuliza Bubu.

"Walimsikia wote, baba. Hadi askari wa mlangoni."

"Rudi pale anaposimama."

Binti akaanza kuutafuta ukurasa. Kabla hajaupata, baba yake alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akainuka kwa shida, akaugeukia ukuta.

"Siye mimi," alisema.